Mkono wa Gédéon Rochat Uliogoma

Saa ya Gédéon Rochat ilisimama Jumatatu moja ya Januari, kikombe cha kahawa kikiwa njiani kwenda mdomoni, na hadi wakati wa chakula cha mchana kijiji kizima cha Le Lieu kilikuwa na habari. Kwingine saa ikisimama, mtu huitikisa, akaitukana kidogo, akaendelea na shughuli zake. Bondeni kwetu sivyo. Huku kila nyumba ina mtu anayetengeneza saa, au aliyewahi kutengeneza, au aliyeolewa na fundi wa saa na sasa anajuta. Saa ya fundi ikisimama, watu hawakucheki usoni. Wanangoja upite.

Na hii haikuwa saa ya dukani. Gédéon aliitengeneza mwenyewe akiwa kijana wa miaka ishirini, katika shule ya ufundi ya Le Sentier, ikiwa ndiyo mtihani wake wa kumalizia. Wenzake walichagua saa za kutia ufunguo kwa vidole kila asubuhi, kwa sababu ndizo nyepesi kutengeneza. Yeye akataka otomatiki, ile inayojitia ufunguo yenyewe kwa kutikiswa na mkono wa aliyeivaa. Mwalimu akamwambia anajitafutia makuu. Gédéon akayatafuta, akayapata, akaivaa saa yake mkono wa kulia kwa kuwa yeye ni mashoto, na tangu siku ile haikusimama hata mara moja, isipokuwa alipoifungua kwa hiari yake kuisafisha na kuitia mafuta.

Saa hiyo imeyaona mengi kuliko watu wengi. Ilikuwa mkononi mwake siku alipoanza kazi kiwandani, na siku alipomwona Lydie kwenye meza ya pili akifunga zile springi nyembamba kuliko unywele, akasahau alichokuwa ameshika kwenye kibano. Ilikuwa mkononi wakati saa za betri zilipotoka ng'ambo na kuvifunga viwanda vya bonde zima kimoja baada ya kingine. Mwaka huo Gédéon alikwenda msituni kubandua magome ya misonobari, yale ya kufungia jibini yetu ya majira ya baridi, na mkono uliozoea parafujo zisizoonekana ukajifunza kushika shoka. Mafundi wengi walilia. Yeye naye alilia, lakini alikuwa akisema kwamba saa yake haijawahi kushiba kama mwaka ule. Mkono haukutulia toka asubuhi hadi jioni.

Kisha matajiri wa dunia wakakumbuka kwamba wanapenda saa zenye roho, viwanda vikafunguliwa, na Gédéon akarudi mezani. Miaka yake ya mwisho aliwekwa dirishani, kupokea saa zilizorudishwa na wenyewe. Hapo ndipo alipopatia jina. Mtu alikuwa akija na otomatiki yake mpya kabisa, amenuna, anasema imeharibika, inasimama kila siku ya pili. Gédéon anaitazama, anaiweka sikioni, anaitikisa, inaamka. Halafu anauliza:

"Bwana, unafanya kazi gani?"

"Niko ofisini. Nakaa kwenye kompyuta."

"Na jioni?"

"Jioni napumzika. Natazama televisheni."

"Basi saa haina ugonjwa. Wewe ndiye uliyesimama."

Na hapo huwafundisha kwa upole, maana ukali wake haukuwa wa kudumu. Kwamba ndani mna chuma cha nusu duara kinachozunguka mkono unapochezacheza, na kila kinapozunguka kinaikaza kamani, ule utepe wa chuma uliojikunja, ambao ndio tumbo la saa. Kwamba tumbo likijaa, saa inaweza kulala mezani siku moja na nusu, hata mbili, ikiendelea kutembea. Baada ya hapo njaa itaikamata. Kwamba mtu akiiweka kando akaikuta imelala, asiipige makofi kama mtoto aliyezimia. Aishike, azungushe kile kichwa cha ubavuni taratibu mara ishirini au thelathini, ndipo aivae. Kwamba tarehe isiguswe karibu na usiku wa manane, meno ya ndani yakiwa yameumana. Na kwamba kila baada ya miaka michache irudi kwa fundi, kwa sababu mafuta hukauka hata kwa saa ya mtu mwenye bidii. Watu waliondoka wameshukuru na wamesutwa kwa pamoja, na kijiji kikawa na msemo: ukimwona mtu mvivu, unamuuliza saa ngapi.

Huyo ndiye ambaye saa yake imesimama. Mganga hajigangi, wahenga walijua walichosema.

Ili uelewe, inabidi nikurudishe nyuma hadi Oktoba, kwenye bendi.

Bendi ya matarumbeta ya Le Lieu haina watu wengi, na nusu yao wana mvi. Lydie, mkewe, anapiga ngoma kubwa, na anaipiga kama anayeidai. Gédéon alikuwa tromboni. Kiongozi ni Marius Capt, aliyesoma na Gédéon dawati moja, akafanya naye kazi kiwanda kimoja, na akasimama upande wake siku ya harusi yake. Kila Ijumaa jioni, kabla hawajapuliza chochote, wanabendi wana desturi yao. Wanakusanyika kwenye meza iliyo chini ya saa ya redio, ile ya ukutani inayojirekebisha kwa mawimbi isikosee, kila mmoja anaweka mkono wake mezani, saa ikiangalia juu, na wanalinganisha sekunde. Ambaye saa yake imepotoka kuliko zote ananunua divai nyeupe ya watu wote. Hakuna kujitetea. Gédéon katika miaka yote ile alinunua mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na homa.

Tamasha la Oktoba lilifanyika kanisani. Kulikuwa na wimbo mmoja wa polepole, na katikati ya wimbo kuna kimya, bendi nzima inanyamaza, halafu tromboni peke yake inaingia. Sijui Gédéon alikuwa akiwaza nini. Kimya kilipoanza tu, watu wakiwa bado wanavuta pumzi, tromboni ikalia kama ndama aliyekanyagwa mguu. Mbele sana ya wakati wake. Mtu mmoja wa kiti cha nyuma akacheka, wa pili akafuata, na kanisa zima likawa kama shule siku mwalimu hayupo.

Hilo lingepita. Lakini walipokuwa wakivaa makoti, mbele ya watu, Marius akasema:

"Gédéon, ile saa yako ya mtihani leo umeiacha nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko tena. Marius mwenyewe alicheka kuliko wote, kwa maana hana ubaya, ana mdomo tu. Lakini bondeni kwetu unaweza kumwita mtu bahili, ukamwita mchoyo wa jibini, mtagombana na mtapatana kabla ya theluji. Kumwambia fundi mbele ya majirani zake kwamba hajui wakati ni jambo jingine. Gédéon alifunga koti lake akatoka. Alikwenda nyumbani, akaliweka begi la tromboni juu ya kabati la chumbani, na asubuhi akamtangazia mkewe kwamba amestaafu muziki.

"Na Marius?" Lydie aliuliza.

"Marius ni nani?"

Basi ikawa hivyo. Mkahawani hakwenda, kwa sababu Marius hukaa pale dirishani. Ziwa lilipoganda na kijiji kizima kikavaa viatu vya chuma kwenda kuteleza, hakwenda, kwa sababu Marius huteleza kila siku akiwa na kofia yake nyekundu inayoonekana hadi ng'ambo ya pili. Kuni hakupasua tena: binti yao Séverine, anayeishi Lausanne, alikuwa amewanunulia jiko jipya la kupasha nyumba, linalojilisha punje za mbao lenyewe. Ilipofika Januari, safari ndefu kuliko zote za mkono wa kulia wa Gédéon ilikuwa kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. Mtoto yeyote wa bondeni angeweza kumwambia saa yake ina nini. Lakini nani amwambie?

Yeye akaifungua. Alikaa kwenye meza yake ya zamani iliyo dirishani, akabana lenzi kwenye jicho, akaivunja saa yote vipande vipande juu ya kitambaa cheupe.

"Imekufa?" Lydie akauliza, mikono yake ikiwa na unga.

"Haijafa. Mafuta yamekauka."

"Mwaka juzi uliitia mafuta."

"Basi yalikuwa mafuta mabovu."

Akaisafisha, akaitia mafuta mapya, akaifunga, akaivaa, akarudi kwenye kiti chake. Kesho kutwa yake ikasimama. Akasema ni kamani imechoka, akaiweka mpya. Ikasimama. Akasema ni ile ekseli ya chuma cha nusu duara; akaibadilisha, kazi ya siku nzima, na Lydie akamsikia akiimbaimba kidogo mezani, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Ikasimama. Na kila alipoifungua aligusa na springi ile nyembamba inayopima mwendo wa saa, akaisogeza kidogo huku, akairudisha kidogo kule, madhali mkono ulikuwa umekwisha kufika.

"Ni sumaku," alisema mwishoni. "Hilo jiko la Séverine lina sumaku."

"Sumaku inaikimbiza saa, Baba Séverine. Haiisimamishi."

"Wewe ulikuwa wa springi. Mimi nilikuwa wa saa nzima."

"Haya, Saa Nzima. Si uzungushe hicho kichwa cha ubavuni kila asubuhi, yaishe? Ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia watu."

Gédéon alimtazama kama aliyeambiwa akojoe kanisani.

"Otomatiki? Niitie ufunguo kwa mkono, kila siku? Ni kama kununua punda halafu mzigo ubebe wewe."

"Punda wako anataka matembezi tu, mzee."

"Ina ugonjwa, nimekwambia. Nitauona."

Lydie akarudi kwenye unga wake. Alimjua mumewe. Mtu huyu angeukubali ugonjwa wowote wa saa ulioandikwa vitabuni, na mwingine angeubuni, ili mradi asikubali kwamba dawa yake ilikuwa nje ya mlango, imevaa kofia nyekundu.

Séverine naye, kwa nia njema, akaongeza kuni motoni. Akatuma kutoka Lausanne kisanduku cheusi kizuri, chenye kioo mbele na mota ndani. Unaweka saa kwenye mto wake, unabonyeza, na kisanduku kinaizungusha polepole siku nzima. Akapiga simu kumweleza baba yake.

"Unaiweka humo tu, baba. Inazunguka yenyewe. Haisimami ng'o."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe? Wewe utapumzika."

Gédéon akashukuru, akakata simu, na akabaki amekaa na kisanduku mapajani. Aliingiwa na hofu, na hofu hiyo haikuhusu saa. Aliona mbele yake jiko linalojilisha lenyewe, saa inayotembezwa na kisanduku, na mzee kwenye kiti asiyehitajika na kimojawapo. Hakukijaribu. Ndani kabisa ya moyo alijua kwamba saa ikiingia humo itatembea bila kukosa, na baada ya hapo hatakuwa na ugonjwa wa kusingizia. Akakipandisha juu ya kabati, kando ya begi la tromboni.

Lydie alikuwa akipita mlangoni, akamwona anavyoshuka kwenye kile kigoda, akishikilia ukuta kwa uangalifu wa mtu mzee. Mpaka siku hiyo alikuwa hajamwona mumewe kuwa mzee. Moyo ukamuuma, halafu ukamkasirisha. Ijumaa ile, alipokuwa akienda kwenye mazoezi ya bendi, aliichukua saa mezani akaitia mfukoni.

Asubuhi Gédéon akakuta kitambaa cheupe kitupu.

"Lydie! Saa yangu iko wapi?"

"Nimeipeleka kwa fundi."

 Hata jiko lilisikika likimeza punje zake.

"Kwa nani?"

"Kwa fundi. Umeshindwa, nimeipeleka kwa anayeweza."

"Fundi gani bondeni hapa anayeniweza mimi?"

"Yupo. Amesema ataiangalia wiki nzima, halafu atatoa majibu."

"Jina lake?"

"Kula mkate wako, mzee."

Nani angekaa kitini baada ya hapo? Gédéon alivaa koti na kofia akatoka. Alianza kwa Ulysse, jirani aliyefanya kazi ya mafuta ya saa maisha yake yote, akamkuta anazoa theluji kwa beleshi.

"Ulysse, mke wangu amekuletea saa?"

"Saa gani?"

"Usijifanye."

"Mimi sina saa yako, Gédéon. Lakini nina mabeleshi mawili. Shika hilo, tuongee."

Wakazoa theluji mpaka barabarani wakiongea, na Ulysse hakusema lolote la maana. Jumapili Gédéon akapanda hadi nyumba za juu, kwa mzee mmoja aliyesifika kwa kamani. Hana. Jumatatu akavuka kwenda upande wa pili wa kijiji. Hana, lakini amesikia iko mahali pazuri. Jumanne akaenda hadi Le Sentier kwa miguu kwa kuwa treni ilimwacha. Hakuwa na saa mkononi. Kila mlango aliobisha alipewa kahawa, au kiglasi cha pombe ya mizizi ya jentiana, au soseji ya kupeleka nyumbani, na kila mlango walimtazama kwa macho yaleyale ya watu wanaobana kicheko. Lydie alikuwa amewahi kila mahali. Jioni Gédéon alirudi mashavu mekundu, akala viazi na liki mara mbili, akamwapia mkewe kwamba akimpata huyo tapeli atamfundisha kazi.

"Umelala vizuri siku hizi," Lydie alisema Alhamisi.

"Nimechoka, ndiyo maana. Unanitembeza kama tarishi wa posta."

Ijumaa, Lydie akiwa anafunga koti kwenda kwenye mazoezi, alimwambia bila kugeuka:

"Fundi amemaliza. Anasema saa haijasimama hata mara moja. Kaichukue mwenyewe. Atakuwa ukumbi wa bendi."

"Kwa nini ukumbi wa bendi?"

Lakini Lydie alikuwa amekwisha kufika barabarani.

Gédéon alizunguka jikoni, akakaa, akasimama, akaapa haendi, akavaa viatu. Kengele ya kanisa ilimwambia kwamba mazoezi yameanza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amechelewa. Akatembea haraka juu ya theluji, mikono ikipunga kama ya askari, na alipofika ukumbini alisikia kutoka nje ule wimbo wa polepole. Akasimama na mkono kwenye kitasa.

Wimbo ukafika kwenye kimya chake. Bendi ikanyamaza. Gédéon akatarajia kwamba sasa mtu mwingine ataingia, tarumbeta labda, au mgeni waliyemtafuta kujaza nafasi yake. Hakuna aliyeingia. Kimya kikaendelea, kirefu, urefu kamili wa sehemu yote ya tromboni, na ndani ya kimya hicho kulisikika tu Lydie akigonga mapigo kwa kidole kwenye ukingo wa ngoma, kwa upole ambao Gédéon hakujua kwamba mkewe anao. Kisha bendi nzima ikaendelea pale ambapo yeye angemaliza. Walikuwa wakifanya hivyo tangu Oktoba, na mkewe hakuwahi kumwambia.

Akafungua mlango. Marius alikuwa ameinua mkono wa kulia na kijiti chake, na kwenye kifundo cha mkono ule, chini ya mwanga wa taa, iling'aa saa ya mtihani ya Gédéon Rochat.

"Vua saa yangu!"

Bendi ikakatika vipande vipande. Marius hakushusha mkono.

"Funga mlango, Gédéon. Baridi inaingia."

"Nimesema vua!"

"Nitavua. Lakini kwanza usikie majibu ya fundi." Marius akaigeuza saa kwenye mwanga kama daktari anayesoma picha. "Nimepasulia kuni nayo. Nimeteleza nayo ziwani kila siku. Nimelala nayo, shemeji Lydie ni shahidi..."

"Shahidi wa nini, mwehu wewe!" Lydie akasema kutoka nyuma ya ngoma, na watu wakacheka.

"...na nimewaongozea hawa viziwi nyimbo zote. Haijasimama. Unataka kujua ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa," Gédéon akasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Najua haina."

Marius akaivua, akampa. Saa ilikuwa na joto la mkono wa mtu. Gédéon akaivaa, akakaza mkanda, na akageuka kama anayetaka kuondoka.

"Unakwenda wapi?" akauliza Ulysse, aliyekuwa amekumbatia tuba lake. "Hujapimwa. Mezani kwanza."

"Mimi si wa bendi."

"Kiti chako kinasema uongo, basi."

Gédéon akatazama. Kiti chake kilikuwa mahali pake, na juu ya kiti ilikuwa tromboni yake, imepanguswa, inang'aa. Lile begi juu ya kabati, ambalo alikuwa akiligeuzia mgongo kila usiku, kumbe lilikuwa tupu. Akamtafuta mkewe kwa macho. Lydie alikuwa akiikagua ngozi ya ngoma yake kwa bidii kubwa.

Basi watu wakaacha vyombo, wakakusanyika tena mezani chini ya saa ya redio, ingawa walikuwa wameshapimana jioni ile ile. Mikono ikalala mezani mmoja mmoja. Wa Gédéon ukafika mwisho. Vichwa vikainama.

Saa yake ilikuwa imetangulia. Haikutangulia kwa sekunde mbili tatu za watu wenye homa. Ilitangulia dakika nzima na ushee, na Marius alikuwa ameiweka sawa Jumapili tu. Kwa kuifungua kote kule, kuisafisha palipo safi, kuisogezasogeza springi isiyokuwa na kosa, fundi alikuwa ameichokoza saa nzima mpaka ikakosa mwendo. Hapakuwa na mtu mezani pale asiyejua maana ya alichokiona. Walikuwa mafundi wote.

Gédéon angeweza kusema ni mkono wa Marius. Neno lilimfika hadi kwenye ulimi. Alimtazama Marius, akaona kwamba Marius amefumba mdomo wake wote, kwa nguvu, kama mtu aliyeshika mlango usifunguke na upepo. Ule mdomo ambao haujawahi kunyamaza tangu dawati la shule ulikuwa umenyamaza kwa ajili yake.

"Imetangulia," akasema Gédéon.

Akauondoa mkono wake mezani.

"Na mimi nilitangulia. Pale kanisani. Nilitangulia sana." Akakuna shingo. "Divai ni juu yangu."

Kelele iliyotoka hapo ilisikika hadi mkahawani. Ulysse alimpiga mgongoni, mtu akaleta glasi, na Marius akafuta pua yake kwa kofia nyekundu akidai ni mafua.

"Mdomo wangu nao, Gédéon," akasema. "Siku ile. Ulinitangulia hata mimi."

"Mdomo wako unatangulia tangu tuko shule. Panda juu pale, shika kijiti chako, tusije tukalala hapa."

Wakaurudia wimbo wa polepole. Kimya kilipofika, Gédéon alikuwa na tromboni midomoni na macho kwenye mkono wa Marius. Akangoja. Akangoja tena kidogo, zaidi ya alivyodhani anaweza. Kisha akaingia, na mkono wake wa kulia ukaenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, na ile nusu duara ya chuma ndani ya saa ikazunguka ikila na kushiba.

Tangu hapo haijasimama. Kisanduku cha Séverine kiko jikoni. Lydie anaweka humo vitunguu saumu, na akija mgeni anabonyeza kitufe vikazunguka. Jambo moja tu kijiji hakijalielewa. Gédéon, fundi mzima, bado hajaisahihisha saa yake. Kila wiki inakimbia dakika ile ile, Jumapili anairudisha, Ijumaa imeshakimbia tena, na kila Ijumaa ananunua divai bila kunung'unika. Na kwa kuwa saa yake inatangulia, yeye ndiye anayefika ukumbini wa kwanza. Anawasha taa, anapanga viti, na anaweka cha Marius mbele. Niliwahi kumuuliza kwa nini haitengenezi.

"Nikiitengeneza," akasema, "nani atakuwa hapa kumngoja Marius?"